Usafi Usio na Senje: Mapenzi, Uchumba na Kujizuia katika Filamu ya Kikristo

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuyagawa mapenzi katika mafungu mawili. Kuna mapenzi ya riwaya, tamthilia na ushairi, ambayo huhakikiwa, hutahiniwa na kuandikiwa tasnifu. Na kuna mapenzi ya filamu za kidini, ambayo huachiwa wachungaji na viongozi wa vijana. Mgawanyo huu una starehe yake kwa pande zote mbili. Mhakiki haogopi kushutumiwa kwamba anaishambulia imani, na mchungaji haogopi kuulizwa maswali kuhusu fani, itikadi na usawiri wa wahusika. Anayepunjika ni kijana wa Kakamega, Mumias au Malava, ambaye hutazama filamu ya namna hiyo Jumamosi jioni katika ukumbi wa kanisa, kisha Jumatatu asubuhi akaketi darasani kusoma Rosa Mistika, pasiwepo mtu wa kumwambia kwamba kazi hizo mbili zinabishana, na kwamba ubishi wenyewe unamhusu yeye.

Filamu inayofaa kuchukuliwa kuwa mfano ni Old Fashioned, iliyoandikwa na kuongozwa na Mmarekani Rik Swartzwelder, ambaye pia ndiye aliyeigiza nafasi ya shujaa. Si filamu kubwa kwa bajeti wala kwa mapato, lakini inayasema waziwazi yale ambayo nyenzake huyasema kwa kunong'ona, na hiyo ni sababu tosha ya kuishughulikia. Ilisambazwa nchini Marekani Februari 2015, ikapangiwa kwa makusudi wikendi ile ile ya Siku ya Wapendanao ambayo Fifty Shades of Grey iliingia katika majumba ya sinema, ili iwe jibu la Kikristo kwa filamu hiyo ya kamba na mijeledi. Nchini Kenya shindano hilo halikuwa na pande mbili. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Fifty Shades of Grey mwezi huo huo, na hivyo mtazamaji Mkenya aliyetii sheria akabakiziwa jibu la swali asiloruhusiwa kulisikia. Katika hali kama hiyo neno "safi" hupata uzito usio wake. Kinachobaki baada ya kingine kuondolewa huonekana chema kwa sababu tu kimebaki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Clay Walsh ana duka la samani za kale katika mji mdogo wa jimbo la Ohio. Alipokuwa mwanachuo aliishi maisha ya anasa na kuwatumia wasichana vibaya, hata akashiriki katika kutengeneza kanda za video za kuwadhalilisha. Baadaye alitubu, akajiwekea kanuni kali: hatakaa faraghani na mwanamke yeyote asiye mke wake. Amber Hewson anafika mjini humo akiwa katika safari isiyo na mwisho uliopangwa. Ana chupa anamoweka akiba ya fedha za petroli. Fedha zikitosha, huondoka kwenda mji mwingine. Anapanga chumba juu ya duka la Clay. Kutokana na hapo mapenzi yao yanakua chini ya kanuni za mwanamume, yakisaidiwa na kitabu cha maswali kilichokusudiwa watu wanaojiandaa kufunga ndoa, hadi kufikia posa.

Tukio linalotajwa sana na wanaoisifu filamu hii ni lile la jiko. Jiko la Amber limeharibika, naye Clay, akiwa mwenye nyumba, anapaswa kulitengeneza. Lakini kanuni yake haimruhusu kuwa ndani pamoja naye. Anampa blanketi na kumtaka asubiri nje mpaka kazi iishe. Wasifu husema: tazameni heshima iliyoje! Mhakiki anayefanya kazi yake hana budi kuuliza jambo dogo zaidi, yaani ni nani aliyeko kwenye baridi. Chumba ni cha Amber. Kodi ni yake. Jiko ni la kumpikia yeye. Anayetoka ni mpangaji, anayebaki ndani ni mwenye kanuni. Clay angeweza kumleta fundi mwingine, au mzee wa jirani akae kizingitini, au akasubiri siku Amber akiwa kazini. Hakuna lolote kati ya hayo linalomjia akilini, kwa sababu filamu haimwoni Amber kama mtu mwenye dhiki ya jiko. Inamwona kama mtihani wa Clay. Usafi wa mwanamume umegharimiwa na baridi ya mwanamke, na kamera, kwa upole wake wote, inatutaka tutabasamu.

Ni haki kukiri hapa kwamba filamu hii ina mambo mawili yanayoiinua juu ya jamii yake. La kwanza ni kwamba imemtwika mwanamume mzigo wa kujizuia. Katika mahubiri mengi ya Magharibi ya Kenya, na katika sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili ya kimaadili, mwenye kutakiwa kujitunza ni msichana. Mvulana huonywa kwa sentensi moja, msichana kwa sura nzima. Clay hamlaumu Amber kwa mvuto wake. Anajilaumu mwenyewe. Jambo hili si dogo ukililinganisha na michezo ya televisheni ya Kipentekoste ya Kinshasa, aliyoichunguza Katrien Pype katika kitabu chake cha mwaka 2012, ambamo mwanamke mrembo mara kwa mara huwa chombo cha shetani, au na filamu za video za Kinijeria zilizoenea Afrika Mashariki, ambamo kishawishi karibu kila mara huvaa kanga ya kike. La pili ni kwamba wapenzi wa filamu hii huzungumza. Huulizana kuhusu fedha, watoto, hofu na mauti kabla ya kushikana mikono. Mwandishi yeyote wa riwaya pendwa ya Kiswahili ambaye wahusika wake hupendana kwa kutazamana mara moja kwenye kituo cha basi angeweza kujifunza kitu hapa.

Hata hivyo sifa hizi ndizo zinazoificha kasoro kuu. Watetezi wa filamu huiweka Old Fashioned na Fifty Shades of Grey kama mbingu na jahanamu. Kimuundo hizi ni pacha. Katika zote mbili kuna mwanamume aliyejeruhiwa na maisha yake ya nyuma, mwenye mali kuliko mwanamke, aliye na orodha ya kanuni alizozitunga peke yake. Katika zote mbili mwanamke huja akiwa huru, akajifunza kanuni hizo moja baada ya nyingine, na mapenzi yake yakapimwa kwa jinsi anavyozizoea. Mmoja humtaka mwanamke asaini mkataba wa chumbani; mwingine humtaka akubali mkataba wa kutoingia chumbani. Tofauti ya maudhui ni kubwa, na hakuna anayeikana. Lakini swali la nani anayetunga sheria na nani anayezifuata limejibiwa kwa namna moja katika zote mbili. Mhakiki anayeishia kusema kwamba filamu moja ni chafu na nyingine ni safi ameangalia nguo za wahusika akasahau kuangalia mamlaka yao.

Kuna pia tatizo la lugha, ambalo wahakiki wa Kiswahili wangelipaswa kuwa wa kwanza kuliona. Fikra nzima ya filamu imejengwa juu ya tofauti kati ya maneno mawili ya Kiingereza: moja la vijana kutoka pamoja kwa kujifurahisha, na jingine la vijana kuchunguzana kwa nia ya ndoa. Tofauti hii ilienezwa sana miongoni mwa vijana Waprotestanti na kitabu cha Joshua Harris cha mwaka 1997, kilichowataka waachane na lile la kwanza. Harris mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa madhara ya kitabu hicho na kutangaza mwaka 2018 kwamba hakitaendelea kuchapishwa. Habari hiyo imesafiri polepole kuliko kitabu. Kiswahili hakikuwa na jozi hiyo. Kilikuwa na uchumba, na uchumba haukuwa hisia za watu wawili. Ulikuwa hali iliyotambuliwa na nyumba mbili: barua ya posa imepelekwa, mshenga amesema, jibu limerudi. Matumizi ya leo, ambapo mchumba anaweza kuwa mtu yeyote ambaye kijana anaandikiana naye ujumbe wa simu, ni mageuzi ya kimaana yanayostahili utafiti. Anapokuja mchungaji na kuifasiri filamu kwa kusema kwamba Clay na Amber wanatuonyesha "uchumba wa Kikristo", anafanya kosa la kitafsiri lenye matokeo ya kimaisha. Wanachokifanya Clay na Amber hakina mshenga, hakina mzazi, hakina ukoo. Kwa maana ya zamani ya neno, hawajachumbiana hata siku moja. Wametoka pamoja kwa adabu.

Jina la filamu linadai ukale. Ni ukale wa nani? Clay huuza meza na viti vilivyotumiwa na watu wengine, akavisugua na kuvipaka rangi upya ili viwapendeze wanunuzi wasiojua viliwahi kubeba nini. Mwongozaji hakukusudia duka hilo liwe istiari ya filamu yake, lakini limekuwa. Adabu anayoiuza Clay ni kifaa cha kale kilichotolewa ndani ya nyumba iliyokuwa na watu, kikawekwa dirishani kikiwa kimoja. Kijana wa Kimarekani wa enzi inayotamaniwa na filamu hii alimtembelea msichana sebuleni kwa wazazi wake. Baba alikuwa chumba cha pili na gazeti lake, mama jikoni. Filamu imeitoa sebule, baba na mama, ikabakiza kanuni tu, kisha kanuni hiyo akaitunga na kuisimamia mwanamume mmoja.

Filamu hii inapofika Kakamega, kosa huongezeka maradufu, kwa sababu ukale huo wa dukani hutangazwa kuwa ni sawa na mila zetu. Husikika mara nyingi: hata wazee wetu walitaka binti atunze usafi wake. Kauli hii ina ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Miongoni mwa Waluhya kujitunza hakukuwa siri ya nafsi. Msichana alilala katika nyumba ya bibi, kukhu, na huko ndiko alikopata mafunzo ambayo adabu haikumruhusu mama yake kumpa. Senje, yaani shangazi, dada wa baba, alikuwa na haki ya kuuliza maswali ambayo baba hangethubutu kuyatamka. Yeye ndiye aliyetaka kujua kijana ni wa ukoo gani, kwa kuwa kuoana ndani ya ukoo wa baba au wa mama kulikatazwa. Ndiye aliyejua ugonjwa wa familia ile na ukatili wa familia hii. Katika pwani ya Waswahili kazi hiyo ilikuwa ya somo na kungwi, nayo ilikuwa na lugha yake, ngoma zake na vicheko vyake. Mwili ulizungumzwa. Ulizungumzwa na mtu maalumu, mahali maalumu, kwa lugha ya mafumbo au ya waziwazi kadiri ya hatua, lakini haukunyamaziwa.

Isieleweke kwamba kale hiyo ilikuwa pepo. Kisarawanda, kitambaa cheupe cha usiku wa harusi, kiliwafedhehesha wanawake ambao miili yao haikutoa ushahidi uliotakiwa, na hakuna kitambaa cha namna hiyo kilichowahi kutandikiwa mwanamume. Mahari yaliweza kuigeuza bikira kuwa bei. Senje naye aliweza kuwa mkali kupita baba. Lakini hata katika ukali wake mfumo huo ulikuwa na mashahidi, na penye mashahidi kuna mahali pa kulalamika. Mwanamke aliyeonewa alikuwa na mtu wa kumkimbilia kwa jina na kwa wajibu. Amber ana chupa ya fedha za petroli.

Ni nani aliyemwondoa senje? Wahusika wakuu ni shule ya bweni, mji, mshahara na misheni. Mwaka 1902 Wamarekani wa Kanisa la Marafiki walianzisha misheni yao Kaimosi, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Vihiga, wakiwa na mizizi katika chuo cha Biblia cha kanisa hilo kilichokuwa Cleveland, Ohio. Ni sadfa kwamba filamu inayojadiliwa hapa pia imetoka Ohio, na sadfa hiyo isipewe uzito mkubwa, ingawa ni vigumu kuipita bila ya tabasamu. Misheni za eneo hili, za madhehebu mbalimbali, zilileta shule na hospitali ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezibeza. Zilileta pia shaka juu ya ngoma, pombe, jando na mafunzo ya faragha ya bibi, vyote vikatiwa katika kapu moja la upagani. Waongofu walitakiwa waoane kanisani, mbele ya mchungaji ambaye hakuwa na nafasi ya kijamii ya kuzungumza na msichana kuhusu mwili wake. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo husindikiza arusi pamoja na mazishi na sherehe nyingine, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma inaweza kuorodheshwa. Mazungumzo ya senje hayana orodha. Kanisa lililoiondoa nyumba ya kukhu sasa linaagiza filamu kutoka ng'ambo ili ijaze pengo lililoachwa na nyumba hiyo, na filamu yenyewe imetengenezwa na watu ambao nao walikwisha kupoteza ya kwao.

Kwa hakika Old Fashioned ina senje mmoja, na hapa filamu inajisaliti kwa namna inayopendeza. Ni Zella, shangazi mzee wa Clay, aliyeigizwa na Dorothy Silver. Bi Zella ni mcheshi, mwenye ulimi mkali, na ndiye mhusika pekee anayemwambia Clay ukweli: kwamba amejificha nyuma ya kanuni zake, na kwamba wema wake umekuwa njia ya kujihurumia. Matukio yake ni machache lakini ndiyo yenye uhai kuliko yote. Mtunzi alijua, katika sehemu fulani ya sanaa yake isiyotii mahubiri yake, kwamba mapenzi haya yanahitaji mzee. Lakini Bi Zella hapewi mamlaka yoyote. Hamwiti Amber akamkalisha kitako. Haulizi ana jamaa gani, ameumizwa na nani, anaogopa nini. Anamshauri mpwa wake tu. Hata senje wa filamu hii ni wa mwanamume.

Hapo ndipo Rosa Mistika inapoingia, na ndipo ilipo hasara ya kuzitenga kazi hizi mbili. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa madai ya uchafu, kisha baadaye ikarudi na kuwa kitabu cha kiada. Rosa ni binti wa familia ya Kikatoliki ya Ukerewe. Baba yake, Zakaria, mlevi, anampiga na kumwaibisha kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Rosa anakua akiwa ametengwa na wavulana kwa ukali, anatoka nyumbani kwenda shule ya bweni na hatimaye chuo cha ualimu Morogoro, na huko uhuru unamkuta hana silaha yoyote isipokuwa hofu. Hofu inapoisha, hana kingine. Anapotaka hatimaye kutulia na kuolewa, ni Charles yule yule anayemkataa anapojua kwamba si bikira, na Rosa anajiua.

Wenye kuisoma riwaya hii kama onyo kwa wasichana wamekuwa wengi, wakiwemo walimu. Wanaisoma vibaya. Kezilahabi hakuandika kwamba Rosa aliangamia kwa kukosa usafi. Aliandika kwamba aliangamia kwa kulindwa bila ya kufundishwa, kisha kwa kupimwa na mwanamume ambaye hakupimwa na mtu. Mweke Clay Walsh kando ya Charles, na jambo linalofichwa na filamu hudhihirika. Clay ana historia mbaya kupita ya Rosa. Aliwadhuru watu, Rosa alijidhuru zaidi mwenyewe. Lakini historia ya Clay ndiyo inayompa kina kama mhusika. Dhambi yake ya zamani ni mali ya kisanaa: inaeleza huzuni yake, inamtukuza toba yake, inamvuta mwanamke amwonee huruma. Historia ya Rosa ni hukumu ya kifo. Ukiuliza kwa nini, jibu halimo katika theolojia, kwa kuwa neema ya Kikristo haina jinsia. Jibu limo katika mgawanyo wa kijamii wa nani anayeruhusiwa kuwa na maisha ya nyuma. Filamu inafaidi mgawanyo huo bila ya kuutaja. Riwaya inautaja na kulipa gharama ya kuutaja kwa kupigwa marufuku.

Said Ahmed Mohamed aliliendeleza swali hilo katika Utengano, mwaka 1980, kitabu ambacho kiliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani, huku yeye mwenyewe akiishi maisha ya ufuska na ufisadi. Maimuna anatoroka, anaanguka, anarudi. Tofauti na Charles, Kabi anamwoa Maimuna akiwa anajua alikopita. Baadhi ya wahakiki wameuona mwisho huo kuwa wa kurahisishwa. Yamkini. Lakini ukiusoma dhidi ya Rosa Mistika, na sasa dhidi ya Old Fashioned, unaonekana kuwa madai mazito: kwamba msamaha wa mwanamume kwa mwanamke si tukio la kishujaa la kuangaziwa taa, ni jambo la kawaida baina ya watu wawili wenye makosa. Kabi hana hotuba. Clay anazo nyingi.

Hoja itakayotolewa dhidi ya uhakiki wa namna hii inajulikana kabla haijatamkwa: kumbe wasomi wanataka vijana wazini? Swali hili hukusudiwa kufunga mjadala, na limeufunga mara nyingi mno. Kujizuia ni uamuzi wenye hadhi, na kijana anayeuchagua kwa imani yake hapaswi kuchekwa na mtu yeyote, hasa mhadhiri. Kinachobishaniwa ni madai kwamba kielelezo cha mtu mmoja jasiri, kikionyeshwa mara nyingi vya kutosha, hutosha kuwa malezi. Madai hayo yamekwisha kujaribiwa Afrika Mashariki kwa gharama kubwa. Vuguvugu la viapo vya ubikira lililoanzishwa na Wabaptisti wa kusini mwa Marekani mwaka 1993 lilifika Uganda mwaka uliofuata. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu UKIMWI iliagiza theluthi moja ya fedha za kinga zitumiwe kuhimiza kujizuia hadi ndoa, sharti lililolegezwa mwaka 2008. Kenya ilikuwa na Nimechill, kampeni ya katikati ya miaka ya 2000 iliyozungumza Sheng na kumpa kijana ishara ya vidole viwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Health Affairs uliangalia dola bilioni 1.4 zilizotumiwa na Marekani kwa himizo hilo kati ya 2004 na 2013 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na haukuona badiliko la maana katika umri wa kuanza ngono, idadi ya wapenzi au mimba za utotoni. Kijana alipewa ishara ya vidole. Hakupewa mtu wa kuzungumza naye.

Hali ilivyo haiachi nafasi ya starehe. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Tangu 1994 sera ya serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na miongozo ya 2020 ikaifafanua zaidi. Msichana huyo hufika hatimaye katika ukumbi wa mihadhara. Ameketi pale, ana mtoto kwa mama yake Shinyalu au Lurambi, anaisoma Rosa Mistika kwa ajili ya mtihani. Filamu ya Jumamosi imemwambia kwamba kuna mwanamume mwema mahali fulani ambaye, baada ya kupambana sana na nafsi yake, anaweza kumsamehe. Haikumwuliza kama yeye naye ana lolote la kusamehe.

Suala la miisho linahitaji kutajwa, kwa kuwa ndipo itikadi ya kazi ya sanaa hulala. Mwaka 2018 bodi ile ile ya filamu iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, na mwongozaji akaeleza kwamba alikuwa ametakiwa aubadilishe mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na tumaini mno. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mapenzi ya Kena na Ziki na bado akaona kilichofichuka: mapenzi yasiyokubalika yanaweza kuvumiliwa katika sanaa mradi yaishe kwa majuto. Tumaini ni mali inayogawiwa kwa kibali. Clay amepewa lake lote. Rosa hakupewa.

Isipokuwa kwamba Kezilahabi hakuimalizia riwaya yake kaburini. Aliifuata familia hiyo hadi mbele ya Mungu, binti na baba wakishitakiana, swali likiwa ni nani hasa mwenye hatia. Wahakiki wamekisumbukia sana kipengele hicho. Wengine wamekiona kuwa fantasia isiyooana na uhalisia wa sura zilizotangulia. Lakini hicho ndicho Ukristo unaokosekana katika filamu za Kikristo. Huko mbele ya kiti, Zakaria anatakiwa ajibu kuhusu fimbo yake, na binti anaruhusiwa kusema akiwa baba yake anamsikiliza.